Onyesho la Utata Limeingia Sebuleni: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Wazazi wengi hukwama palepale. Msanii anapanda jukwaani nusu uchi, anakata mauno, mzazi anaruka kuzima runinga, anafoka, kisha anashika simu na kujiunga na umma unaolaani mtandaoni. Kesho yake mtoto ananyang'anywa simu. Wiki mbili baadaye yale mauno anayajua yote, ila sasa anayatazamia kwa rafiki yake.

Ukali wa mzazi huyo hauna neno. Kilichomponza ni kuianza kazi mwishoni. Kelele za umma huelekezwa kwa msanii, kituo na wadhamini, watu ambao hawamjui mwanao hata kwa jina. Kilicho mikononi mwako ni rimoti, akaunti za vifaa vya nyumbani na maneno utakayosema ndani ya saa 24. Hatua zilizo hapa chini zinaanza siku chache kabla ya onyesho na kuishia siku ya tatu baada yake. Usiziruke, maana kila moja inaitegemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuandaa

- Saa moja ambayo watoto hawapo au wamelala.
- Orodha ya kila kifaa chenye skrini nyumbani. Andika pia simu ya bibi, simu ya dada wa kazi na ile tableti ya zamani iliyo kabatini. Hiyo ya kabatini ndiyo inayovuja kuliko zote.
- Barua pepe na nywila za akaunti zinazotumika kwenye vifaa hivyo.
- Namba ya siri mpya ya tarakimu 4. Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto haufai, wala wako, wala 1234.
- Ratiba ya onyesho: siku, saa ya kuanza, chaneli na alama ya umri kama ipo.
- Mzazi mwenzio, au yeyote anayelea watoto pamoja nawe.

## Hatua ya 1: Kubalianeni mstari uko wapi

Kaeni wawili, mchukue karatasi, mchore safu tatu: yanayoruhusiwa, yanayotazamwa pamoja na mzazi, yasiyotazamwa.

Andikeni vitendo, msiandike majina ya wasanii. Ukiandika jina la msanii, kesho atatokea mwingine na karatasi itakuwa imekwisha kazi. Neno "uchafu" nalo halimsaidii mtoto, kwa sababu hajui linaanzia wapi. Andika kinachoonekana: "kucheza kwa kusuguana miili", "kuigiza tendo la ndoa", "nguo za ndani peke yake", "matusi kwenye wimbo", "ishara ya kidole". Kila kitendo kipeni safu yake kulingana na umri wa kila mtoto.

Mtabishana. Heri mbishane sasa kuliko mbele ya runinga inayowaka. Baba akicheka na mama akizima, mtoto anajifunza kwamba mama ndiye tatizo, na jambo lenyewe anaona halina shida.

Utajua umefaulu pale kila mmoja wenu, akiulizwa peke yake, anapotoa jibu lile lile kuhusu vitendo vitano vya kwanza kwenye orodha.

## Hatua ya 2: Funga vifaa, kimoja baada ya kingine

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Watu wengi hubadilisha mpangilio wa simu moja na kudhani wamemaliza.

Runinga. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya udhibiti wa wazazi, weka namba ya siri, kisha chagua kiwango cha umri. Kwa mfumo wa Marekani, TV-PG maana yake mzazi aangalie kwanza, TV-14 haifai kwa walio chini ya miaka 14, na TV-MA ni ya watu wazima. Herufi zinazofuata zinaeleza sababu: D ni mazungumzo yenye mambo ya ngono, L ni lugha chafu, S ni vitendo vya ngono, V ni ukatili.

Tahadhari moja inayowaponza wengi: katika mfumo huo, michezo na habari hazipewi alama ya umri. Kwa hiyo burudani ya mapumziko katikati ya mechi kubwa hupita bila kizuizi chochote, hata runinga ikiwa imefungwa vizuri. Mechi ni mechi, na kifaa hakijui kwamba wapigaji muziki wameingia uwanjani.

YouTube. Gusa picha ya wasifu, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya jumla, washa hali ya kuzuia maudhui yasiyofaa. Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, hali hiyo hufanya kazi kwenye kifaa kile tu au kivinjari kile tu, hivyo ukiiwasha kwenye simu, kompyuta bado iko wazi. Pili, inategemea sana kichwa cha video, maelezo yake na alama zilizowekwa. Klipu ya sekunde 15 iliyopewa jina la kawaida itapenya.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 13 ni bora utumie YouTube Kids, au umfungulie akaunti inayosimamiwa na mzazi kupitia Family Link, programu ya Google ya udhibiti wa wazazi. Akaunti hiyo ina ngazi tatu: ya kwanza imekusudiwa watoto kuanzia miaka 9, ya pili kuanzia 13, na ya tatu inafungua karibu YouTube yote isipokuwa video zenye alama ya watu wazima. Anza na ya kwanza. Kupandisha ngazi ni rahisi, kuishusha ni vita.

Zima pia uchezaji wa video inayofuata. Mtoto hufika kwenye klipu mbaya mara nyingi bila kuitafuta, kwa kuachia tu simu icheze.

TikTok. Fungua mipangilio kwenye simu yako na ya mtoto, nenda sehemu ya kuunganisha familia, kisha simu moja isome msimbo wa nyingine. Baada ya hapo unaweza kuweka ukomo wa muda, kuwasha hali ya vizuizi na, lililo muhimu zaidi kwa kazi hii, kuchuja maneno. Weka jina la msanii na jina la tamasha kwenye maneno yaliyochujwa jioni ya kuamkia onyesho. Yaache humo angalau siku tatu.

Spotify na programu nyingine za muziki. Zima ruhusa ya maudhui yenye alama ya E. Kwenye kifurushi cha familia, mwenye akaunti kuu anaweza kuwafungia wanafamilia wengine. Usitegemee sana alama hiyo lakini. Inahusu maneno makali, na wimbo unaozungumzia jambo lile lile kwa mafumbo hauwekewi kitu.

iPhone na iPad. Ingia Muda wa Skrini, fungua vikwazo vya maudhui, chagua toleo safi kwa muziki. Namba ya siri ya Muda wa Skrini isiwe ile ya kufungulia simu. Mtoto ameshakuona ukifungua simu mara mia.

WhatsApp. Wengi husahau hapa, na ndipo klipu nyingi zinapoingilia. Fungua mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, kisha upakuaji wa moja kwa moja. Ondoa alama kwenye picha na video kwa hali zote tatu: data ya simu, Wi-Fi, na unapotumia mtandao wa kampuni nyingine ugenini (roaming). Usipofanya hivyo, video aliyotuma mjomba kwenye kundi la familia itajipakua na kukaa kwenye picha zako, karibu na picha za sherehe ya mtoto, ikimsubiri mtoto mwenyewe aje kuitazama.

Utajua umefaulu ukichukua kila kifaa kwenye orodha, ukaandika jina la msanii na neno "onyesho", kisha ukatazama matokeo kumi ya kwanza. Fanya jaribio hili kwa kila kifaa. Mara nyingi utakuta kimoja kinaonyesha kila kitu, na ukichunguza utaona kimeingia kwa akaunti yako wewe, mtu mzima.

## Hatua ya 3: Siku yenyewe

Soma ratiba tena. Matamasha ya tuzo huhifadhi jambo la kushtua kwa dakika ambazo watazamaji ni wengi, na mara nyingi msanii anayesubiriwa hupangwa nyuma. Watoto wadogo wawe wamelala kabla ya hapo. Uingereza vituo vinatakiwa kutorusha maudhui yasiyofaa watoto kabla ya saa 3 usiku. Onyesho likianza saa 2 usiku haimaanishi litakwisha kabla ya saa 3.

Kuna wanaojipa moyo kwamba matangazo ya moja kwa moja huchelewesha picha kwa sekunde chache, hivyo lolote baya litakatwa. Ucheleweshaji huo humtegemea mtu aliyekaa mbele ya kitufe. Februari 2012, kwenye mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, mwimbaji M.I.A. alinyoosha kidole cha kati na picha ilifika majumbani, mfumo ukachelewa kuifunika. Tusi la mdomo husikika na hutarajiwa. Ishara ya mkono ni ya kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo rimoti ishikwe na mtu mzima. Isiwekwe mezani, wala isiwe chini ya mto. Weka kidole karibu na kitufe cha kunyamazisha sauti, na ujue namba ya chaneli nyingine ya kuhamia. Kaa upande mmoja na watoto, mkitazama kule kule. Ukikaa pembeni ukiwatazama wao, watajua kuna kitu unakisubiri.

Usitangulize onyo refu kama "leo kuna mambo mabaya yatatokea". Hiyo ni matangazo ya bure kwa msanii.

## Hatua ya 4: Sekunde 30 za kwanza

Limetokea. Mtoto ameona. Fanya haya kwa mfuatano huu:

1. Usipige kelele. Mtoto wa miaka 5 huenda hakuelewa chochote kwenye skrini, ila uso wako ameuelewa, na ndio atakaoukumbuka.
2. Amua kwa karatasi ya hatua ya 1. Kama kitendo kiko safu ya tatu, badilisha chaneli. Kama kiko safu ya pili, endeleeni kutazama.
3. Sema sentensi moja tu, kwa sauti ya kawaida. "Hii ni ya watu wazima, tunahamia kwingine." Au kwa mkubwa: "Tutaiongelea baadaye."
4. Endelea na jioni. Chakula kiliwe, mchezo umaliziwe.

Kosa kubwa hapa ni kuzima runinga kabisa na kuwafukuza watoto vyumbani. Wameona sekunde chache, na wewe umewapa sababu ya kutafuta zilizobaki.

Utajua umefaulu kama dakika kumi baadaye kuna mtoto anazungumzia kitu kingine.

## Hatua ya 5: Tazama lote mwenyewe kabla ya kusema neno

Watoto wakishalala, tafuta onyesho zima kwenye chanzo rasmi, ulitazame mwanzo hadi mwisho mara moja. Usiegemee picha za magazetini wala vipande vinavyozunguka.

Sababu ni hii. Desemba 2010, fainali ya The X Factor, shindano la uimbaji la runinga nchini Uingereza, iliwatumbuiza watazamaji kwa Rihanna na Christina Aguilera. Malalamiko yaliyofika kwa mdhibiti, Ofcom, yalikaribia 2,900. Ofcom ilipochunguza ilikuta kwamba karibu 2,000 kati ya hayo yalikuja baada ya gazeti moja kuandika habari hiyo na kuweka picha, na kwamba picha hizo zilikuwa za karibu na za wazi zaidi kuliko kilichorushwa hewani. Kituo hakikukutwa na hatia ya kuvunja kanuni. Yaani kundi kubwa la watu lilikasirikia kitu ambacho runinga haikukionyesha hivyo.

Mwanao akiwa aliona onyesho na wewe umeona picha za gazetini tu, mtakuwa mnazungumzia vitu viwili tofauti, na atagundua haraka kuliko unavyofikiri. Ukitazama, andika mambo matatu: nini hasa kilitendeka, nani alikuwa jukwaani, na kilidumu kwa muda gani.

## Hatua ya 6: Mazungumzo ndani ya saa 24

Baada ya siku moja mtoto anakuwa ameshapata maelezo shuleni, na ya huko yana nguvu. Wahi.

Chagua wakati ambao mikono ina kazi: kuosha vyombo, kukunja nguo, kutembea. Kumwita mtoto "njoo hapa ukae" ni kumfungulia kesi. Dakika 10 zinatosha, na kwa mdogo dakika 2 ni nyingi.

Anza na swali, na swali la kwanza lisimhusu yeye. Yafuatayo ni mazungumzo ya mama na mtoto wa miaka 9, yakienda yanavyotakiwa:

— Leo shule walikuwa wanaongelea lile onyesho?
— Eeh. Karibu darasa zima.
— Walikuwa wanasemaje?
— Eti amelipwa hela nyingi kufanya vile.
— Na wewe ulionaje, mwanangu?
— Sijui, mama. Mwanzo ilikuwa inachekesha. Halafu ikawa... siyo.
— Ilipoacha kuchekesha ilikuwa wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha kazi. Mtoto atakuonyesha mwenyewe mstari wake, na mara nyingi hauko mbali na wako. Ukimtangulia kwa hukumu, hautauona kamwe.

Kinachofuata kinategemea umri.

Miaka 3 hadi 5. Usianzishe. Akiuliza, jibu kwa sentensi moja: "Alikuwa anacheza dansi ya watu wazima." Basi.

Miaka 6 hadi 9. Mweleze kwamba yule yuko kazini. Kuna mwalimu wa dansi, kuna aliyechagua nguo, kuna aliyepanga kamera ikae wapi, na wamefanya mazoezi mara nyingi. Watoto wa umri huu hudhani mtu jukwaani anafanya alivyojisikia. Wakijua kwamba kila hatua imepangwa, hofu na mvuto vyote hupungua. Rudia kanuni ya mwili: sehemu za siri ni zake, na hakuna anayeruhusiwa kumshika wala kumwomba acheze hivyo.

Miaka 10 hadi 12. Ongelea pesa na macho ya watu. Nani anafaidika tukibishana wiki nzima? Kwa nini jambo la kushtua limewekwa dakika ile? Umri huu unapenda kugundua ujanja, basi mpe ujanja augundue. Mwambie ahesabu ni mara ngapi jina la msanii limetajwa kwa siku moja na watu wanaosema hawampendi.

Miaka 13 na kuendelea. Usifundishe. Uliza, sikiliza, kisha sema msimamo wako mara moja na sababu yake. Kijana wa umri huu ameshaona zaidi ya hilo, na ukijifanya hujui atakuonea huruma.

Kwa kijana kuna jambo moja la haki ambalo lazima ujiandae nalo, kwa sababu ataliuliza. Agosti 2013, kwenye tuzo za muziki za video za MTV, Miley Cyrus alicheza na Robin Thicke. Yeye alikuwa na miaka 20, Thicke alikuwa na 36. Lawama karibu zote zilimwangukia binti. Februari 2004, kwenye mapumziko ya Super Bowl, aliyevuta kipande cha nguo alikuwa Justin Timberlake na aliyefunuka kifua alikuwa Janet Jackson, na aliyebeba mzigo kwa miaka ni Janet Jackson. Ukimlaani mwanamke na kumruka mwanamume aliye pembeni yake, binti yako anasikia jambo moja na mwanao wa kiume anasikia jingine. Taja wote waliokuwa jukwaani. Kwa hili uliandika orodha kwenye hatua ya 5.

Usitumie maneno ya kumdhalilisha msanii. "Malaya" likishatoka mdomoni mwako, mtoto atalipeleka shuleni kwa mwenzake aliyevaa sketi fupi, au atadhani hivyo ndivyo utakavyomwita yeye akikosea.

Utajua umefaulu kama siku chache baadaye mtoto anakuletea swali jingine bila kuitwa. Kama mazungumzo yaliisha kwa "ndiyo mama, ndiyo mama, naweza kwenda?", ulihutubia. Rudia baada ya siku mbili, safari hii uliza maswali mawili tu.

## Hatua ya 7: Mtoto akiiga

Wageni wamekaa, muziki unapigwa, binti wa miaka 7 anasimama katikati ya zulia na kuinama kama alivyoona jukwaani. Shangazi anaangua kicheko, mjomba anatoa simu arekodi.

Kwanza, zuia simu. "Tafadhali, usimrekodi." Hilo ni kabla ya kumgeukia mtoto, kwa sababu video ikishaenda kwenye kundi hairudi.

Pili, badilisha muziki, usimtoe mtoto. Weka wimbo wenye mdundo wa haraka, cheza naye. Mtoto wa umri huo anaiga mdundo na kicheko cha watu, haigi ngono. Ukimchapa mbele ya wageni utakuwa umempa mwili wake maana ambayo hakuwa nayo.

Tatu, usiku, sentensi mbili: "Ile dansi ni ya watu wazima. Hizi nyingine zote tutacheza." Waliocheka waambiwe kando. Kicheko ndicho kinachomfanya arudie, na ukimkanya mtoto peke yake huku shangazi akiendelea kupiga makofi, hutaambulia kitu.

Jambo tofauti kabisa ni pale mtoto mdogo anapoigiza tendo lenyewe kwa undani, anapolazimisha mwenzake, au anaporudia kwa siri hata baada ya kuelekezwa kwa upole. Hapo acha kufikiria runinga. Muulize kwa utulivu ameona wapi na nani, bila kumtajia majibu, na utafute msaada wa daktari au mshauri wa watoto siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 8: Siku tatu za wimbi

Klipu huvuma zaidi siku mbili tatu za mwanzo. Katika siku hizo fanya mambo machache.

Futa historia ya kutazama na kutafuta kwenye akaunti za watoto kila jioni. Mfumo wa mapendekezo hutazama kilichofunguliwa, na haujui kama ulikifungua kwa hasira au kwa mapenzi. Video ikijitokeza, bonyeza nukta tatu na uchague kwamba huipendi, au kwamba chaneli hiyo isipendekezwe tena.

Usiisambaze. Hakuna msambazaji mkubwa wa klipu kama mzazi aliyekasirika. Anaiweka kwenye kundi la darasa na kuandika "wazazi tazameni aibu hii", na katika kundi hilo kuna simu zaidi ya 30, nyingi zikiwa mikononi mwa watoto jioni. Unataka kuwaonya wenzako? Andika kwa maneno: jina la onyesho, kilichomo, na chujio gani la kuwasha.

Usibandike maoni ya hasira chini ya video rasmi. Yanahesabiwa kama ushiriki, sawa na sifa.

## Hatua ya 9: Malalamiko, kama bado unataka kulalamika

Una haki. Lakini lifanye mwishoni, na uliandike mahali panapohusika.

Kwanza jua sheria inagusa nani. Marekani, kanuni za FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa huko, zinazokataza maudhui machafu kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku zinahusu vituo vinavyorusha bure hewani. Vituo vya kebo havimo. MTV ni ya kebo, hivyo waliolalamika FCC kuhusu onyesho lake la 2013 walibisha mlango usio na mtu. Hoja iliyokuwa na mashiko ilikuwa ya alama ya umri: kipindi kilikuwa kimepewa TV-14, na kundi la wazazi lilisema haikutosha. Uingereza, Ofcom hupokea malalamiko ndani ya siku 20 za kazi tangu kurushwa, ila ya BBC huanzia BBC yenyewe.

Barua nzuri haizidi mistari sita:

"Tarehe ___, saa ___, kituo chenu kilirusha kipindi ___ chenye alama ya umri ___. Katika dakika ya ___ palionyeshwa ___ kwa muda wa takriban sekunde ___. Watoto wa miaka ___ walikuwa wakitazama. Hakukuwa na onyo kabla ya sehemu hiyo. Naomba alama ya umri ipitiwe upya na onyo liwekwe katika marudio. Naomba jibu kwa maandishi."

Eleza ulichokiona, omba kitu kimoja kinachowezekana. Barua inayosema "mnaharibu kizazi" haina cha kujibiwa.

Na usisubiri matokeo ndipo ulee. Tukio la Super Bowl 2004 lilileta FCC malalamiko zaidi ya 540,000 na faini ya dola 550,000 kwa CBS, kituo kilicholirusha. Mahakama ya rufaa iliitupa faini hiyo, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 usiku ule alikuwa na 17.

## Yanayoharibika mara kwa mara

Hali ya vizuizi ya YouTube imezimika yenyewe. Haikujizima. Kwenye akaunti isiyosimamiwa, yeyote anayeshika simu anaweza kuiondoa kwa miguso mitatu. Hamishia mtoto kwenye akaunti inayosimamiwa.

Historia ni tupu kila siku, hata kabla hujaifuta. Huenda anatumia dirisha la faragha la kivinjari. Akaunti ya mtoto aliye chini ya miaka 13 kupitia Family Link hailiruhusu kwenye Chrome. Kwenye iPhone, kuzuia tovuti za watu wazima ndani ya Muda wa Skrini huliondoa kwenye Safari.

Ameona kwa jirani. Usimhoji kama mshtakiwa. Rudi hatua ya 6. Kisha zungumza na mzazi wa jirani kwa kumweleza utaratibu wa kwako, bila kumwambia wa kwake una kasoro: "Kwetu hawatazami maonyesho hayo bila mtu mzima. Wakija kwako, naomba uwawekee mpira."

Wakubwa na wadogo wako chumba kimoja. Kanuni ya mdogo ndiyo inayotawala sebule. Mkubwa apewe muda wake na mzazi baada ya wadogo kulala, vinginevyo atatazama chini ya shuka na mdogo atakuwa amelala ubavuni mwake, macho wazi.